Utunzaji wa Injini ya Petroli ya Silinda Nne

Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya wakulima na wachuuzi wa Kisesa, na wa vijiji vya jirani kama Kanyama, Isangijo na Igekemaja, wenye motokaa ndogo za kuchukulia mazao, au wanaokusudia kununua. Zamani mazao ya Usukuma yalichukuliwa kwa punda, kwa baiskeli, na kwa malori ya vyama vya ushirika. Siku hizi nyanya za bustani, dagaa wa Kayenze, mpunga na viazi vitamu huenda mjini Mwanza, mwendo wa kilometa 20 hivi, ndani ya Toyota Probox, au IST, au nyingine za jamaa hiyo. Motokaa hizo kwa kawaida zilitumika kwanza Japani, zikafika huku zikiwa zimekwisha tembea miaka mingi. Mwenye kununua hutoa fedha za mavuno ya misimu kadha wa kadha, au fedha ya kikundi cha watu kumi au ishirini. Kwa hiyo injini ikifa, mavuno ya misimu hiyo yamekufa pamoja nayo.

Twataka uangalie jambo moja hasa. Injini tunayoieleza hapa ni imara sana, wala umri hauiui upesi. Kinachoiua ni kukosa maji na kukosa oili, na mara nyingi huharibika katika robo saa moja tu, dereva akiwa ameiona taa nyekundu, akasema moyoni, "Nitafika."

INJINI YENYEWE

Katika Probox na IST zenye injini iliyo kubwa kidogo, jina lake ni 1NZ-FE. Anaye ndugu yake mdogo, 2NZ-FE, mwenye ujazo wa sentimeta 1,298. Motokaa zote mbili zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Jamaa mwingine wa ukoo huo, 1NZ-FXE, ndiye aliyetiwa katika Prius ya kwanza mwaka 1997, ile motokaa iliyochanganya petroli na umeme. Twalitaja jambo hili ili ujue kwamba hii si injini ya kubahatisha: imejaribiwa na watu wengi katika nchi nyingi, na tabia zake zajulikana na mafundi.

Silinda zake nne zimepangwa katika mstari mmoja. Kila silinda ina upana wa milimita 75, na pistoni hupanda na kushuka milimita 84.7 ndani yake. Ukijumlisha nafasi hiyo katika silinda zote nne wapata sentimeta za ujazo 1,497, yaani lita moja na nusu. Pistoni inaposhuka huvuta hewa na petroli. Inapopanda huibana hewa hiyo mpaka iwe karibu sehemu moja ya kumi na nusu ya ujazo wake wa kwanza. Ndipo plagi hutoa cheche, moto ukawaka, pistoni ikasukumwa chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena kuutoa moshi. Silinda hazifanyi kazi hii kwa pamoja, bali hupokezana: ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida barabarani, moto huwaka mara 100 katika kila sekunde.

Sasa fikiri joto la moto huo. Kwa makadirio, katika kila vijiko vitatu vya petroli ni kama kimoja tu kinachogeuka kuwa nguvu ya kusukuma motokaa. Viwili vilivyobaki huwa joto tupu. Sehemu hutoka kwa sailensa pamoja na moshi, na sehemu kubwa hupokewa na maji yanayozunguka injini. Maji hayo yakipungua, joto halina mahali pa kwenda ila katika vyuma.

Na vyuma vyenyewe ni vya namna gani? Bloki na silinda hedi ni za aluminiamu, na ndani ya silinda kuna bomba jembamba la chuma cha kumimina. Aluminiamu ni nyepesi, nayo hupitisha joto upesi. Hii ndiyo faida yake. Walakini ikipata joto la kupita kiasi hupinda. Uso wa silinda hedi unaokaa juu ya bloki haupasi kupinda zaidi ya milimita 0.05, ambayo ni chini ya unene wa unywele mmoja. Injini za kale za chuma kizito, kama zile za Land Rover za wazee wetu, ziliweza kuchemka mara kwa mara njiani na kuendelea baada ya kutiwa maji. Yule aliyejifunza udereva kwa motokaa za namna ile, na kumfundisha mwanawe, yampasa ajue kwamba desturi ile haifai tena.

Nguvu za injini hii ni za farasi 109 inapozunguka mara 6,000 kwa dakika. Lakini hesabu hiyo ni ya hewa ya pwani. Uso wa Ziwa Victoria u juu ya bahari kwa meta 1,134, na Kisesa imeinuka zaidi kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Usimlaumu fundi kwa jambo hilo.

MAJI

Hapa ndipo penye maneno mengi, nasi twakuomba usome polepole.

Maji yakichemshwa pwani huchemka kwa joto la digrii 100. Huku kwetu, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, huchemka kwa digrii 96 tu. Ndani ya injini kuna kilango kidogo kiitwacho themostati, ambacho hukaa kimefungwa wakati injini ni baridi, kisha huanza kufunguka kwa joto la digrii 80 mpaka 84 ili maji yapite kwenye rejeta na kupoa. Basi waona kwamba kati ya kilango kufunguka na maji kuchemka pana digrii 12 tu au zaidi kidogo, kama maji yangekuwa katika chombo kilicho wazi. Nafasi hiyo ni ndogo mno. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kikatiwa springi na mpira, ili kiyabane maji. Juu ya kifuniko utaona imeandikwa 1.1, maana yake ni kilo 1.1 kwa kila sentimeta ya mraba. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yafike karibu digrii 120.

Kifuniko hicho ni kitu cha fedha chache kuliko karibu vyote vilivyo chini ya boneti, na twaweza kusema hakuna kinachodharauliwa kama hicho. Mpira wake ukipasuka, au springi yake ikilegea, umeigeuza rejeta yako kuwa sufuria. Tena wako watu wanaofunika kwa kifuniko cha motokaa nyingine kwa sababu tu kinaingia. Kuingia si kufaa; soma namba.

Kando ya rejeta ipo chupa ya plastiki. Maji yakipata moto hutanuka, yakasukuma kifuniko na kuingia katika chupa. Injini ikipoa, hunyonywa tena yarudi. Kwa hiyo itazame chupa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi, kisha fungua na kifuniko cha rejeta uone. Ukikuta chupa imejaa lakini rejeta imepungua, ujue maji yalitoka ila hayakurudi: kifuniko kimekufa, au mpira mdogo unaounganisha chupa umepasuka. Ukikuta vyote viwili vinapungua siku baada ya siku, kuna mahali panapovuja. Mkulima hawafungi maksai wake nira bila kuwatazama kwato na shingo; kuyatazama maji hakuchukui muda mrefu kuliko hapo.

Usithubutu kufungua kifuniko injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa kwa digrii 110, mara ukiyafungulia, hugeuka mvuke na kuruka usoni. Watu wameungua uso na macho kwa namna hii. Shika kwanza mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukiwa bado ni mgumu na wa moto, ngoja.

Motokaa ikichemsha, dereva mwenye busara hutazama imechemsha wakati gani, maana wakati huo humwambia ugonjwa. Ikiwa yachemsha inaposimama, tuseme katika msongamano wa magari pale Igoma, lakini yapoa ikienda mbio, tazama feni. Feni ya motokaa hizi huzungushwa na umeme, si kwa mkanda. Wakati wa mwendo upepo wa njiani hufanya kazi yake, bali motokaa ikisimama feni ndiyo yenye kazi yote. Fyuzi iliyoungua au mota iliyokufa yatosha kuleta taabu hiyo. Ikiwa yachemsha ikienda mbio au ikipanda mlima na mzigo, lakini yatulia ikisimama, huenda rejeta imeziba, ama kwa uchafu ndani, ama kwa vumbi na wadudu waliokaushwa katika mapezi yake kwa nje. Ikiwa yachemsha upesi mahali popote, na mpira wa chini wa rejeta ni baridi huku wa juu unaunguza, themostati imekwama. Na ikiwa, baada ya kujaza maji injini ikiwa baridi na kuiwasha kifuniko kikiwa wazi, waona mapovu yakipanda bila kukoma, basi moshi wa silinda unaingia katika maji. Gasketi ya silinda hedi imeungua, nawe peleka motokaa kwa fundi bila kuitumia tena.

Kuhusu themostati kuna desturi mbaya ambayo twataka kuikemea. Motokaa ikichemsha, baadhi ya mafundi huing'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi hii ni ya joto, haina haja nayo. Maneno haya yaonekana kuwa na akili, nayo si kweli. Bila themostati injini hukaa baridi mno asubuhi na safari fupi, hula petroli zaidi, na oili hupata utelezi mchafu wa tope. Isitoshe, kile kilango hufunga pia njia ya mkato ya maji. Kikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita katika rejeta, na siku ya mzigo mzito joto huwa baya kuliko kwanza. Fundi akikuambia aing'oe, mwambie atie mpya.

Maji gani yafaa? Maji ya ziwa yachotwayo ufukoni yana tope na majani madogo ya majini. Maji ya visima vingi huacha utando mweupe katika sufuria la chai. Utando huo huo hushika ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko hayo. Bora kupita yote ni kuchanganya maji safi na kulanti, nusu kwa nusu. Wengi husema kulanti ni dawa ya baridi ya Ulaya, kwa kuwa huzuia maji yasigande. Ni kweli huzuia, lakini huku hatuitaki kwa kazi hiyo. Twaitaka kwa sababu huzuia kutu na kuliwa kwa aluminiamu, hulainisha pampu ya maji, na huongeza kidogo joto la kuchemka. Injini nzima huchukua lita tano hivi, zaidi au pungufu kwa kadiri ya motokaa. Safarini, ukikosa, tia maji yoyote yaliyo safi ufike; kisha yamwage na kutia yanayofaa.

Na taa nyekundu ya joto ikiwaka? Katika baadhi ya motokaa hizi hakuna mshale wa kuonyesha joto, ila taa mbili: ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwa imezidi. Nyekundu haisemi "angalia", yasema "simama." Zima kipoza hewa, fungua kipasha joto mpaka mwisho hata kama mtaona taabu ndani, maana nacho huchukua joto la injini, ondoka barabarani, uzime. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje. Fungua boneti, ukae chini ya mti. Baada ya nusu saa au zaidi, mpira wa juu ukiwa laini na wa kushikika, fungua kifuniko kwa kitambaa, polepole, ujaze kidogo kidogo. Kama maji yametoka yote, usiamini taa wala mshale, kwa sababu kipimo chake kimewekwa kupima maji. Pasipo maji huenda kikanyamaza huku vyuma vikiungua. Dagaa wakichelewa soko la asubuhi hupungua bei, ni kweli. Lakini silinda hedi iliyopinda ni ya kuchongwa au kununuliwa nyingine, na siku za motokaa kulala gereji ni nyingi.

OILI

Injini ya 1NZ-FE huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. Kazi yake si kulainisha tu. Ndiyo inayovuta joto kutoka chini ya pistoni; ndiyo inayokaza mnyororo wa taimingi, kwani kikaza-mnyororo husukumwa na nguvu ya oili; tena ndiyo inayoendesha kifaa kiitwacho VVT-i, kinachobadili saa ya kufunguka kwa valvu. Watu husifu injini hii kwa kuwa ina mnyororo badala ya mkanda wa mpira, kwa hiyo haina haja ya kubadilishiwa mkanda kila baada ya kilometa 100,000. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mnyororo uliokosa oili safi hurefuka, ukaanza kulia kama debe lenye misumari injini inapowashwa asubuhi. Ukisikia mlio huo usingoje.

Chomoa kijiti cha kupimia asubuhi, motokaa ikiwa mahali tambarare, ukipanguse, ukirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, wala isiipite. Ikiwa imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiiwashe injini. Ikiwa imepungua na chini ya motokaa hakuna doa, injini inaila. Moshi wa rangi ya buluu nyuma utakuhakikishia. Injini iliyotembea sana aghalabu hula kidogo, nayo yaweza kufanya kazi miaka mingi bado, mradi mwenyewe ajazie. Hatari iko kwa yule anayeambiwa "oili hubadilishwa baada ya kilometa 5,000" akadhani kwamba kabla ya hapo hapana haja ya kutazama.

Hizo kilometa 5,000 ni nyingi au chache? Piga hesabu. Motokaa iendayo Mwanza na kurudi mara mbili kwa siku hutembea kilometa 80. Baada ya siku 62 imefika. Basi kila miezi miwili, na filta pamoja. Wakati wa kiangazi, katika njia za vumbi za kwenda Kayenze, yafaa upunguze. Andika namba ya kilometa katika karatasi na kuibandika ndani ya mlango. Usiitegemee kumbukumbu ya dereva, hasa kama madereva ni wawili. Nunua oili katika kopo lenye lakiri yake. Oili ya kupimwa katika pipa haijulikani ilitoka wapi, na pengine ni ile iliyomwagwa kwa jirani, ikachujwa.

Taa nyekundu ya oili ni kali kuliko ya joto. Ikiwaka njiani, nguvu ya oili imekwisha tayari, nawe huna dakika tano. Zima papo hapo. Injini ikiendelea, beringi za krankshafti hushikana na chuma chake, ndipo watu husema "imenoki," na habari yake imekwisha. Katika injini hii kuchonga silinda na kutia pistoni kubwa zaidi si jambo la kawaida kama ilivyokuwa kwa injini za zamani, kwa sababu mabomba ya chuma yaliyomo ndani ya aluminiamu ni membamba. Mara nyingi hununuliwa injini nzima iliyotumika.

Oili chakavu usiimwage chini, wala mtaroni, maana mvua huipeleka visimani na ziwani. Ikusanye katika dumu, umrudishie fundi.

HEWA NA PETROLI

Ukikanyaga mpaka chini, injini ikizunguka mara 3,000, humeza zaidi ya lita 2,000 za hewa kila dakika. Hewa hiyo ya njia ya vumbi ingeingia kama ilivyo, mchanga wake ungesaga ringi na silinda kama jiwe la kusagia mtama. Filta ya hewa ndiyo inayozuia. Miezi ya Juni mpaka Agosti itoe kila juma, uigongegonge kwa upole, upulize kwa ndani kutoka nje isikotazama vumbi. Usiioshe kwa petroli wala maji, kwani ni ya karatasi. Ikichanika, nunua nyingine. Usiendeshe bila filta hata safari moja.

Petroli ya nchi yetu haina risasi tangu mwaka 2006, nayo yafaa kwa injini hii. Uovu ulio mkubwa ulikuwa ni kuchanganya petroli na mafuta ya taa. Tangu 2010 mafuta yakatiwa alama ya siri ili wachanganyaji wagunduliwe, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na tamaa ya kuchanganywa. Hata hivyo petroli ya chupa, iuzwayo kando ya njia, hakuna aipimaye. Mafuta ya taa huwaka kabla ya wakati wake katika injini inayobana hewa kwa nguvu kama hii. Utasikia mlio kama wa kokoto ndani ya debe unapopanda mlima. Mlio huo ni wa pistoni kupigwa nyundo. Jaza kituoni, nawe uchukue risiti.

Plagi ni nne, na nafasi ya cheche ni milimita 1.1. Kila plagi ina koili yake juu. Injini ikitetemeka na taa ya njano ikiwaka, huenda silinda moja haichomi. Kabla hujauziwa koili nne, mwambie fundi abadilishane koili ya silinda hiyo na ya jirani yake. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, nunua koili moja. Ukibaki pale pale, tazama plagi, kisha nozeli, kisha msongo wa silinda. Nafasi za valvu, ambazo ni milimita 0.15 mpaka 0.25 upande wa hewa na 0.25 mpaka 0.35 upande wa moshi injini ikiwa baridi, hubadilika polepole sana; fundi asiyesikia mlio wa valvu hana sababu ya kuzigusa.

MZIGO

Probox ya mizigo yenye injini hii ilitengenezwa ichukue kilo 400 kukiwa na watu wawili, au kilo 250 kukiwa na watu watano. Kilo 400 ni magunia manne ya kilo 100. Sote tumeona yanayobebwa. Hatuna nia ya kurudia hapa sheria za barabarani. Twasema tu kwamba mzigo maradufu humfanya dereva akanyage zaidi kwa gia ndogo, feni na rejeta zifanye kazi kupita kiasi, na kile kifuniko chenye mpira mbovu, kilichovumilia safari nyepesi mwezi mzima, kishindwe siku ya soko. Ndiyo sababu motokaa huharibika siku ile hasa unapoihitaji.

UKINUNUA INJINI ILIYOTUMIKA

Fungua kifuniko cha oili utazame kwa tochi. Ndani pakiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, injini ilitunzwa. Pakiwa na tope jeusi linaloshikana na kidole, iache. Omba isikike ikiwaka, ikiwa baridi, kwa maana ya moto huficha mlio wa mnyororo. Na usisahau kwamba namba ya injini imeandikwa katika kadi ya motokaa. Ukibadili injini, namba hiyo nayo hubadilishwa katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, la sivyo utakuwa na maelezo mengi siku ya kuuza.

Neno la mwisho ni la motokaa inayolala. Baada ya kuuza mpunga, wengine huiacha uani majuma mengi karibu na ghala. Panya hupenda joto la injini na giza la chini ya boneti. Hujenga viota juu ya sanduku la filta, na hutafuna nyaya za koili na za nozeli. Iwashe mara moja kwa juma, uiache ipate moto mpaka feni izunguke yenyewe, na kabla ya kuiwasha fungua boneti kwanza utazame. Ukikuta pumba za mpunga juu ya injini, tafuta waya uliotafunwa kabla ya kugeuza ufunguo.